Maji ya Kunywa na Maji ya Kuchezea: Ipi Haki ya Mtoto?

Tumeulizwa suala, na suala lenyewe si dogo kama linavyodhaniwa na baadhi ya watu. Nalo ni hili: je, yafaa kwa Mwislamu kuwapeleka watoto wake wadogo mahali ambapo maji safi yanamwagwa ili wayachezee tu, na hali jirani zake wananunua maji kwa mtungi? Na je, yafaa kwetu sisi wakaazi wa Huruma kudai kwa wakubwa wa mji tuwekewe mahali kama hapo, bila ya kiingilio, katika mtaa ambao mifereji yake ina siku haitoi hata tone?

Asili ya suala hili ni bomba lililopasuka katika njia moja ya mtaa wetu. Maji yaliruka juu kama mvua iliyopinduka, na kabla fundi hajaja watoto walikwisha kukusanyika, wakivuka na kurudi na kupiga vigelegele. Mzee mmoja katika jamaa wa darsa letu aliwafukuza kwa bakora, akasema kuwa ni haramu kuichezea neema ya Mwenyezi Mungu. Mama mmoja aliyekuwa akikinga maji kwa ndoo akamwambia kwa adabu: "Baba, ukiwafukuza hapa watakwenda mtoni." Maneno haya mawili yaliletwa kwenye darsa, na watu wakagawanyika. Kisha ndugu mmoja, ambaye dada yake anakaa Toronto huko Kanada, akatueleza kwamba katika mji ule viko viwanja vilivyotengenezwa makusudi ili maji yawarukie watoto, na serikali ya mji ndiyo inayovilipia, na dada yake huwapeleka wanawe kila kiangazi bila ya kutoa hata senti. Hapo mzozo ukazidi. Wengine walisema, "Hiyo ndiyo israfu yenyewe." Wengine wakasema, "Hiyo ndiyo huruma yenyewe." Nasi tumeona ni wajibu wetu kulitazama jambo hili kwa utulivu, kwani kila upande una hoja yake, na haki haipatikani kwa kupaza sauti.

Kwanza na tuueleze uwanja wenyewe, kwa ajili ya asiyeujua. Ni sakafu iliyo sawa, haina shimo wala kina. Katika sakafu au kwenye milingoti mna matundu yanayotoa maji, na maji yakishaanguka hayatuami bali huingia mara moja katika mifereji ya chini. Kwa hivyo mtoto wa miaka miwili aweza kucheza humo pasina khatari ya kuzama iliyomo katika bwawa la kuogelea. Pengine kuna kifungo ambacho mtoto hukigusa, maji yakatoka kwa muda wa dakika chache kisha yakakatika yenyewe, ili yasimwagike pasipo na mchezaji. Viwanja hivi ni vya namna mbili. Kuna ambavyo maji yake hutoka katika mabomba ya mji na yakishatumika huenda zake. Na kuna ambavyo maji yake hurudi katika tangi, yakachujwa na kutiwa dawa, kisha yakatumika tena. Mji wa Toronto peke yake una viwanja vya aina hii zaidi ya 100. Katika Chicago, kwenye bustani ya Millennium Park, tangu mwaka 2004 kuna minara miwili ya vioo yenye urefu wa kiasi cha mita 15, maji yateremka juu yake na watoto wa kila rangi na kila dini wanacheza chini yake. London nayo, katika uwanja wa Granary Square uliofunguliwa mwaka 2012, ina matundu zaidi ya 1000 yanayorusha maji kutoka ardhini. Humo mwana wa tajiri na mwana wa mfagiaji hurowa pamoja, wala hakuna mlangoni mtu wa kuwauliza tikiti.

Sasa na tuitazame Huruma. Mtaa wetu uko upande wa mashariki wa Nairobi, umepakana na Mathare na Kiamaiko, pale penye soko la mbuzi ambalo Waislamu wengi wanalipatia riziki yao. Nyumba zetu ni za ghorofa zilizobanana, sita na saba na zaidi, hata jua lapata taabu kufika chini. Katika nyumba hizo chumba kimoja mara nyingi ndicho sebule, ndicho jiko, na ndicho malazi ya watu watano au sita. Mtoto akitaka kukimbia, akimbilie wapi? Juu ya paa kuna khatari ya kuanguka, ngazini kuna kiza, na njiani kuna pikipiki na mikokoteni. Tamaa ya kukijaza kila kipande cha ardhi tumekwisha kuyaona matokeo yake. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka hapa Huruma likaua watu wapatao 50. Siku kadhaa baadae waokozi walimtoa mtoto mchanga akiwa hai chini ya kifusi, na watu wengi wakalia kwa furaha na huzuni pamoja. Lakini baada ya machozi yale, ni wangapi kati yetu waliouliza: watoto walio hai, tumewaachia nafasi gani ya kuishi?

Ama maji, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mbali, katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Maji hayo hugawanywa kwa zamu, na zamu ya mtaa wa maskini aghalabu ni fupi. Mfereji ukikauka, mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mchuuzi, na bei hupanda kadiri kiu inavyopanda. Mwenye bomba nyumbani hulipia maji kwa hesabu ya serikali, na asiye na bomba hulipia kwa hesabu ya mchuuzi, ambayo kwa kila lita ni kubwa kuliko ile. Huo ndio msiba wa maskini: kitu kile kile humfikia yeye kwa ghali zaidi.

Kwa hivyo mzee wetu mwenye bakora hakusema upuzi. Dini yetu imeikataza israfu, na Qur'ani Tukufu imewakemea wabadhirifu kwa maneno makali. Katika hadithi sahihi imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, yaani kiasi cha robo tatu ya lita au chini yake. Kwa kipimo hicho mtungi mmoja wa Huruma ungetosha kuwatawadhisha watu zaidi ya 25. Ni wangapi katika miskiti yetu wanaoufungua mfereji mpaka mwisho, wakazungumza na jirani huku maji yanakwenda, kisha wakatoka kwenda kuwalaumu watoto? Tukitaka kuipiga vita israfu, na tuanze pale penye watu wazima wenye akili na elimu, kabla ya kumfikia mtoto wa miaka minne.

Wala si kweli kwamba mchezo wa mtoto ni upuzi mbele ya dini. Watu waliokua katika taabu hudhani kuwa ukali ndio ulezi, na kuwa mtoto anayecheka anapoteza wakati. Mtume wetu hakuwa hivyo. Wajukuu wake Hasan na Husein walimpanda mgongoni naye yumo katika sijida, akairefusha sijida ile asiwakatishe. Alimwendea mtoto mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na ndege wa kuchezea, na ndege yule alipokufa akamzungumza kwa upole juu ya ndege wake kama mtu anavyomzungumza mwenziwe aliyefiwa. Na Al-Aqra bin Habis alipojisifu kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume alimwonya kuwa asiyehurumia naye hatahurumiwa. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni yapasa aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, na kwamba kumzuia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huua moyo wake na kuufanya ufahamu wake kuwa butu. Huyu si mwalimu wa kigeni wa zama zetu. Ni Hujjatul Islam, na maneno yake yamekaa katika vitabu vyetu miaka zaidi ya 900 nasi tunayapita. Dunia nzima imekuja kuyakubali hayo baadae sana, kwani Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, umeutaja mchezo katika Ibara ya 31 kuwa ni haki ya kila mtoto.

Basi tuna haki mbili, haki ya kiu na haki ya mchezo. Zikikutana mahali pamoja, ipi itatangulia?

Sharia imetufundisha utaratibu wake. Mtu akiwa safarini ana maji kidogo, na maji hayo yahitajiwa kwa kiu, yake au ya mwenziwe, hata ya mnyama, basi hawajibikiwi kuyatawadhia. Ayaweke ya kunywa, naye atayamamu kwa mchanga. Zingatieni jambo hili, ndugu zetu. Sala, ambayo ndiyo nguzo ya dini, inayaacha maji kwa ajili ya kiu. Ikiwa ibada yenyewe yampisha mwenye kiu, mchezo utakuwaje usimpishe? Kwa hivyo twasema wazi pasina kificho: katika mji ambao watu wake wamekosa maji ya kunywa, si halali kuyamwaga maji yale yale ya kunywa kwa ajili ya mchezo. Kiu ndiyo ya kwanza, na hapa tuko pamoja na mzee wetu.

Lakini itazameni sharia ile ile kwa upande wake wa pili. Yule msafiri aliyekosa maji ya kutawadhia hakuambiwa aiache sala. Aliambiwa atafute badali yake, ndiyo ikawa tayamamu. Sharia imepunguza maji, haikuifuta haki. Na sisi kosa letu kubwa ni hapa: tukisema kuwa maji ya kuchezea hayapatikani, mara twakata shauri kuwa mchezo wenyewe haustahili. Mtoto wa Huruma tumemnyima maji kwa sababu ya kiu, tukamnyima uwanja kwa sababu ya majengo, tukamnyima njia kwa sababu ya magari, kisha tukastarehe nafsi zetu kwa kudhani kuwa tumefuata dini. Ilikuwa yatulazimu, kila tulipoifunga mlango haki yake moja, tuifungulie badali yake. Tuliyempa badali hiyo yuko wapi?

Wala asidhani mtu kwamba tukikataa kuchagua, jambo litakaa hivyo hivyo. Mtoto atayaendea maji. Hii ni tabia aliyoumbwa nayo, wala hapana bakora iliyopata kuishinda. Akinyimwa chemchemi atalifuata bomba lililopasuka. Akifukuzwa penye bomba atakwenda penye dimbwi. Na dimbwi likikauka atateremka mtoni, kama alivyosema yule mama. Na mto wetu wa Mathare twaujua: umebeba uchafu wa vyoo na taka za viwanda na mizoga, na mvua ikishuka kwa nguvu hugeuka ukawa mwuaji. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalichukua roho za watu katika Mathare na kuyabomoa makaazi yao. Kwa hivyo suala letu la kweli si kama watoto wa Huruma watacheza na maji au hawatacheza. Wanacheza hivi leo. Suala ni maji gani sisi wazee wao tumewawekea, na uchaguzi huo tumekuwa tukiufanya siku zote kwa kunyamaza kwetu.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya serikali, na kitu cha bure ni tabia ya nchi za kigeni zenye mali." Tunamjibu kuwa maji ya bure ni katika kazi kongwe za Waislamu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma huko Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji yake, akakifanya wakfu ili kila mtu ateke bila ya malipo. Katika Misri, wenye mali walijenga majengo ambayo chini yake mna sabili ya maji kwa wapita njia na juu yake mna chuo cha watoto. Moja ya hayo, la Abdulrahman Katkhuda, lilijengwa mwaka 1744, na hata leo lingali limesimama katika mji mkongwe wa Cairo. Wazee wale waliona kuwa maji na watoto ni amana mbili zinazofaa kukaa chini ya paa moja. Na hapa kwetu pwani, magofu ya Gede karibu na Malindi yanaonyesha kisima na birika pembeni mwa mskiti, na katika Unguja Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyaleta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, watu wakayateka bure. Sisi ni wana wa watu hao. Imekuwaje leo tulione neno "bure" kuwa ni geni?

Hata hapa Nairobi tunao mfano. Ile bustani ya Jevanjee Gardens, iliyo katikati ya mji, ilitolewa mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyi biashara wa Kibohora aliyetoka Karachi, iwe ya watu wote. Mwaka 1991 palitokea shauri la kuifanya mahali pa kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kuipinga, pamoja na Wangari Maathai, na bustani ikasalimika. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, bibi huyo huyo Wangari Maathai aliupinga mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo ilifunguliwa mwaka 1969. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini mnara haukujengwa. Leo, ikifika Idi, mtu wa Eastlands aweza kuwavisha watoto wake nguo mpya akawapeleka kwenye majani yale wakakimbia. Yeye hudhani kuwa hakulipa kitu. Kweli hakulipa, lakini wako waliomlipia. Kitu cha bure kimelipiwa na mtu: na aliyetoa mali yake, na aliyesimama mbele ya wenye nguvu, na mkulima wa Murang'a ambaye mito ya kwao ndiyo inayotunyweshea, na mtoa kodi asiyejulikana jina. Kwa sababu hiyo kitu cha bure ni amana yenye wenyewe wengi, na kukiharibu ni kuwadhulumu wengi.

Na tuseme neno juu ya amana hii, kwani wako katika sisi wanaodai haki wasiyojua kuitunza. Mwaka 2005, katika jimbo la New York huko Marekani, uwanja wa chemchemi za watoto ulioko Seneca Lake uliwaambukiza maelfu ya watu maradhi ya kuhara. Sababu yake ni kijidudu kinachotoka katika kinyesi, na ambacho dawa ya klorini haikiui upesi. Na maji ya uwanja ule yalikuwa yakirudiwa kutumika. Hapa pana funzo kubwa. Maji yasiyo na kina hayamzamishi mtoto, lakini mzazi asiyejali aweza kuwadhuru kwayo watoto wa watu asiowajua. Mwenye mtoto anayehara asimlete majini, wala asiseme "ni kidogo tu." Mtoto asiyejiweza kwa haja yake avalishwe vya kumhifadhi, na akabadilishwe mbali na maji. Watoto wafundishwe wasiyanywe maji ya kuchezea. Wakubwa wawapishe wadogo, mwenye nguvu asilikalie tundu peke yake, na mtoto wa jirani asiye na mamaye hapo atazamwe kama mtoto wetu. Mavazi yawe ya kusitiri yasiyoweza kumkwaza mtoto anapokimbia, wazazi wakae kwa heshima, na wakati wa sala ukifika mmoja asali na mwenziwe abaki na watoto. Takataka zichukuliwe zirudi nyumbani. Dini yetu imehesabu kumwondolea mtu udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Basi na asiyeondoa udhia wa wenziwe mahali pa starehe yao, asilidai tawi hilo.

Sasa tufanye nini katika Huruma? Hatupendi kumaliza kwa maneno matupu, kwani maneno hayalowanishi hata kidole.

Jambo la kwanza ni kiu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama yenye kutosha. Bomba linalovuja siku tatu pasipo kuzibwa humwaga maji mengi kuliko watakayoyachezea watoto wa mtaa mzima. Kila njia na ichague watu wawili wa kupeleka khabari ya mabomba yaliyopasuka na kufuatia mpaka yazibwe. Huko ndiko kuizuia israfu kwa mkono, na bakora ile iliyowafukuza watoto ingefaa zaidi kuwa fimbo ya kutembelea mpaka ofisini.

Jambo la pili ni ardhi. Kila kiwanja cha wazi kilichobaki katika mitaa yetu kina watu wanaokimezea mate. Tusingoje mpaka ukuta uinuliwe usiku ndipo tulie asubuhi. Vijana wetu wavijue viwanja hivyo, wajue vimeandikwa kwa jina la nani, na wawe tayari kushirikiana na jirani zetu wa Kikristo na wengineo kuvilinda; kwani mtoto wa jirani hachezi kwa dini ya babake, na anayeiba uwanja hachagui dini ya mwenye kuibiwa.

Jambo la tatu ndilo hilo lililoulizwa. Mwenyezi Mungu hutushushia maji juu ya mapaa yetu mara mbili kwa mwaka, katika mvua ndefu na mvua fupi, nasi huyaacha yakateremka mtoni yakaongeze mafuriko. Hesabu yake ni nyepesi. Paa la mskiti lenye mita za mraba 200, ikinyesha mvua ya milimita 10, hupokea lita 2000 za maji, yaani mitungi 100. Matangi mawili au matatu, mfereji wa kukingia, kitambaa cha kuchujia, na kuyaacha yapite yale maji ya mwanzo yanayosafisha paa. Kisha yatiwe dawa kwa kipimo anachokijua mtu wa afya. Humo tungepata kwanza maji ya kufulia na kusafishia, tukapunguza mitungi ya kununua. Na yatakayozidi wakati wa mvua, yapitishwe katika bomba lililotobolewa matundu membamba, juu ya sakafu iliyo sawa, yafunguliwe kwa saa moja siku ya Jumamosi, na yakishaanguka yaongozwe kwenye miti ya kivuli. Ukame ukija, bomba lifungwe, na watoto waelezwe kwa nini limefungwa, ili wajifunze tangu udogoni kuwa mwenye kiu hutangulia. Hapo mchezo utakuwa chuo. Hatusemi kuwa hiyo ni Toronto. Lakini wazee wamesema: maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Na wakuu wa mji nao tuwadai bila ya haya. Wanapopanga bustani, wasizipange zote katikati ya mji kwa ajili ya wageni na picha. Nauli ya kuwapeleka watoto wanne mjini na kuwarudisha ni chakula cha jioni katika nyumba nyingi za Huruma, na bustani ya bure ambayo kufika kwake ni ghali si bure. Tukiomba uwanja wa chemchemi, tuombe ule ambao maji yake hurudi na kusafishwa, na msimamizi wake analipwa ujira wake, na maji yake hayakukatwa kutoka katika mfereji wa mtu mwenye kiu. Tukipewa masharti hayo matatu, tuwapeleke watoto wetu kwa moyo safi, na tusimame pembeni tukiwatazama, wala asituambie mtu kuwa tumefanya israfu.

Jibu letu kwa waliotuuliza ndilo hilo. Aliyesema kiu kwanza amesema kweli, na aliyesema mtoto ana haki amesema kweli. Asiyesema kweli ni yule anayeichukua kweli ya kwanza akaifanya kisingizio cha kuikimbia ya pili. Siku ya Kiyama hatutaulizwa tu juu ya maji tuliyoyamwaga. Tutaulizwa pia juu ya mioyo tuliyoiacha ikauke, na maji yapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye kheri isiyo na madhara, atulindie watoto wetu na watoto wa jirani zetu, na aufanye mtaa huu uwe kama jina lake. Amin.